Fundi wa Boti Aliyeitwa Bima

Fundi wa boti wa Boito amefariki. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara inasomeka kama mzaha, kwa sababu Boito hakuna ziwa, na mtu akisimama juu ya kilima chetu chochote anachokiona ni chai mpaka macho yachoke. Lakini fundi alikuwepo. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, kati ya duka la mbolea na kinyozi, na kibao chake kilisema FUNDI WA BOTI bila aibu yoyote. Ujumbe ulinifikia asubuhi kwenye kikundi cha simu cha watu wa kwetu, katikati ya tangazo la ndama wa kuuza na swali la mtu aliyetaka kujua kama lori la majani limeshapita. "Mzee Bima ametuacha," uliandikwa, na chini yake ikafuata mistari mirefu ya mikono iliyokunjwa kwa sala, kisha mwenye ndama akakumbusha kwamba ndama bado yupo.

Nilienda mazishini. Mchungaji, ambaye hakumjua sana marehemu, alikuwa ameuliza jina lake la mtaani na akajenga mahubiri yote juu yake. "Ndugu yetu alitangulia kuona," alisema. "Sisi tukiwa tumelala, yeye alikuwa anasema, bima kwanza. Sasa nauliza, nyinyi mko na bima?" Watu wakatazamana. "Nauliza tena, mko na bima?" Wamama wawili wa mstari wa mbele wakaitikia amina kwa sababu hawakupata jibu lingine. Nilikuwa nimeketi nyuma, nikitazama viatu vyangu. Marehemu hakuwahi kuuza bima, hakuwahi kununua bima, na sidhani kama aliwahi kulitamka neno hilo kabla ya watu kuanza kumwita hivyo. Jina hilo lilitoka kwenye safu hii. Ni mimi niliyeliandika, lilikuwa tuhuma, na halikuwa kweli. Wasomaji wa siku nyingi huenda mnaikumbuka makala yenyewe. Wengi mlinipongeza.

Nianze na mtu mwenyewe. Ujanani alifanya kazi kando ya ziwa, akitengeneza injini za wavuvi, zile zinazofungwa nyuma ya boti na kuzungusha propela majini. Baba yake alipofariki na kumwachia shamba la chai, alirudi Boito, na injini zikamfuata. Wavuvi walipakia injini iliyowashinda kwenye gari lolote linalopanda, wakapitia Kiptere, wakafika kwake wakiwa wamevaa majaketi ya kuazima kwa sababu ya baridi yetu, na baada ya siku mbili wakashuka nayo wameikumbatia kama mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Kama hakuna injini ya boti, alitengeneza mashine za kuchumia chai na misumeno ya kukatia miti. Alikuwa na pipa la maji mbele ya karakana. Injini aliifunga kwenye ukingo wa pipa, akavuta kamba, na maji yakachemka kama sufuria ya githeri huku soko zima likinuka petroli. Kisha aliweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni Kabianga na digrii yangu, na mbali na digrii nilikuwa nimepata tabia ya kushuku kila kitu chenye miguu miwili. Nilijiuliza maswali ambayo niliyaona ya akili sana. Kwa nini mtu abebe injini ya majini kuipeleka mlimani? Kwa nini fundi wa kweli akimbie palipo na kazi? Na hiyo bisibisi sikioni ina tofauti gani na mganga anayesikiliza kibuyu? Maswali yenyewe hayakuwa mabaya. Ubaya ni kwamba karakana ilikuwa mita mia moja kutoka nyumbani kwetu na sikuwahi kuvuka barabara kuyauliza.

Sasa tufike kwenye bwawa. Chini ya mashamba yetu kuna bwawa la zamani, refu na lililopinda, ambalo linawatenga wakulima wa ng'ambo na kituo cha kununulia majani. Kulizunguka kwa miguu na gunia mgongoni ni mwendo wa saa nzima, na majani mabichi ya chai hayana subira. Yakishindiliwa kwenye gunia na kupigwa na jua yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani wa kituo anayakataa. Kwa hiyo wakulima waliunda kamati, wakanunua boti iliyotumika kule ziwani pamoja na injini yake, na wakamwita fundi aikague kabla ya kuanza kubeba majani. Aliitazama, akaiwasha, akazunguka nayo peke yake karibu na ukingo. Kisha akaiambia kamati maneno machache. Msipakie majani ya watu, aliwaambia. Pima kwanza.

Hapo ndipo palipoharibika. Katibu wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa miaka yake yote darasani aliwasahihisha watoto wetu, ambao ulimi wa nyumbani hauwatofautishii sana herufi p na b, wala t na d, wala k na g. Mtoto akiandika "papa yangu ana kari", mwalimu alichukua kalamu nyekundu na kuandika "baba" na "gari". Alifanya hivyo mpaka mkono ukawa unasahihisha wenyewe. Sasa mbele yake alisimama mzee wa Boito anayesema "pima", na mwalimu akajua mara moja, kama alivyojua siku zote, kwamba mtu wetu akisema p anataka kusema b. Akaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko mzuri ambao nimeuona kwa macho yangu: "Fundi ameonya kwamba majani ya wakulima yasipakiwe kabla ya bima." Fundi alikuwa amelitamka neno sawasawa. Kosa lake ni kuwa sahihi mbele ya mtu aliyezoea kusahihisha.

Na uone jinsi kosa hilo lilivyovaa suti. Kuitafutia boti bima kabla ya kupakia mali ya watu ni ushauri wa busara kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kamati ikatafuta bima. Wiki zikapita, fundi akingoja karakanani aitwe kupima, wakulima wakiendelea kuzunguka bwawa na magunia yao huku boti imefungwa ukingoni ikiota kutu. Mwishowe akaja wakala wa bima kutoka mjini, amevaa viatu vilivyochongoka, na mwenyekiti akamteremsha mpaka majini.

"Hii ni boti?" akauliza wakala.

"Ni boti."

"Inabeba watu?"

"Inabeba majani."

Wakala akageuka, akaangalia vilima vyote vilivyojaa chai. "Majani ni hii hii?"

"Ni hii."

"Na ikizama?"

"Si ndiyo tunakuuliza wewe?" mwenyekiti akasema.

Aliondoka akiahidi kuuliza wakubwa wake. Naamini bado anauliza.

Mimi nilisikia malalamiko, nikaomba kusoma kumbukumbu za kikao, na pale kwenye mstari wa saba nikaona kila kitu. Shemeji wa fundi alikuwa na ofisi ya bima mjini. Jambo hilo lilikuwa kweli, na kweli ndogo kama hiyo ndiyo hatari zaidi kwa mwandishi wa umri wangu. Nikaunganisha shemeji na mstari wa saba, nikaandika kwamba kuna fundi mlimani, fundi wa boti mahali pasipo ziwa, anayezuia boti ya wakulima isifanye kazi mpaka wanunue bima kwa ndugu yake. Sikumtaja jina. Nilimwita "Mzee Bima". Picha ya kibao chake ilichapishwa juu ya makala, kwa hiyo kutomtaja jina kulikuwa kama kumficha tembo nyuma ya mche wa chai. Makala ilisomwa kwa sauti kituoni wakati wa kupima majani, watu wakacheka mpaka karani akasahau uzito. Kesho yake kamati ikamwambia fundi kwamba haimhitaji tena, na ikatangaza kwamba boti itaanza kazi Jumatatu.

Nilialikwa kupanda boti siku hiyo kama shujaa. Magunia kumi na mawili yalipakiwa, karibu yote ya shangazi yangu, dada wa baba, ambaye shamba lake liko ng'ambo na ambaye alikuwa amewalipa wachumaji wanne waamke mapema, naye akapanda pamoja nasi. Injini ikawaka. Tulipotoka ukingoni ilianza kunguruma kwa sauti nzito, ya chini, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Moshi mweusi ukatufunika. Boti haikuinua pua wala kushika mwendo, ilijikokota. Katikati kabisa ya bwawa injini ilikohoa mara mbili, ikazima, na haikuwaka tena. Dereva alifungua plagi, akanionyesha: nyeusi, imelowa petroli. Hatukuwa na kasia. Jua lilikuwa limetoka vizuri.

"Sasa?" shangazi akaniuliza.

"Tungoje ipoe."

"Ipoe? Majani ndiyo itapoa?" Aliingiza mkono ndani ya gunia, akautoa, akaniwekea kiganja shavuni. Kilikuwa cha moto. "Sikia hiyo. Hiyo ni ya kutupa. Wewe ulisema mzee ni mwizi, ama si wewe?"

"Niliandika kwamba kuna maswali..."

"Basi hiyo gazeti yako ichukue upige maji tufike."

Ninaiandika kama ilivyokuwa: nililikunja gazeti lililokuwa mkononi mwangu, na halikufaa. Tulitumia ubao wa kukalia. Tulipofika kituoni lori lilikuwa limeondoka na karani akayamwaga magunia yote kumi na mawili nyuma ya kibanda, yakiwa yamegeuka rangi ya chungwa bovu.  Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akamwita.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi, na ningependa kusema kwamba alinitazama kwa hasira, lakini alinitazama kama anavyotazama plagi. Alikuwa na kijisanduku cha kuhesabu mizunguko ya injini, waya mmoja na kioo kidogo. "Sasa nataka uzito ya magunia kumi na mbili," alisema. "Lakini majani ya huyu mama sitaki iharibike tena. Kamati mko wangapi?"

"Tuko saba," mwenyekiti akajibu.

"Ingieni."

Wakaingia, mwenyekiti akishika kofia, mwalimu akishika kitabu cha kumbukumbu. "Na wewe, weri," akaniambia, yaani kijana, "wewe uko na kilo ngapi? Ingia pia. Leo utasaidia." Nadhani ndiyo kazi ya kwanza ya maana niliyowahi kufanya katika bwawa hilo, kuwa mzigo. Alibadilisha plagi, akawasha, akatupeleka katikati kwa nguvu zote, na injini ikaanza tena ule mngurumo mzito. Alisoma kioo, akatuonyesha. Injini hiyo, alieleza, ikiwa wazi kabisa inatakiwa izunguke zaidi ya mara elfu tano kwa dakika. Ilikuwa haifiki elfu nne.

"Imekufa?" mwenyekiti akauliza.

"Haijakufa. Haina makosa yoyote. Ni mlima iko na makosa. Hii imetoka ziwani, kule hewa ni nzito. Mmeona wale wageni wanakuja huku kukimbia na vijana wetu? Siku ya kwanza wanashika magoti. Sasa hii imeshika magoti, na nyinyi mnaiongezea petroli. Hewa ni kidogo, petroli ni mingi, ndiyo maana inatoa masizi." Akaigonga propela kwa bisibisi. "Na hii mapanga yake imesimama sana. Kila ikizunguka inachota maji mingi. Kule chini inaweza. Huku haiwezi. Tunaweka ingine, mapanga imelala kidogo, ichote kidogo kidogo. Na kwa kabureta tunapunguza ile tundu ya petroli. Ni hiyo tu. Ndiyo nilikuwa nataka kupima, mwalimu. Nilisema siku ya kwanza."

Mwalimu alifungua kitabu chake. Aliutafuta mstari wa saba kwa kidole, boti ikizungukazunguka taratibu bila mtu kuielekeza. "Mzee," akasema, "siku ile ulisema tupime, ya kipimo? Ama ulisema bima, ya kampuni?"

"Bima ya kampuni ni ya nini? Bwawa hii hata samaki haina."

Hakuna aliyecheka ila shangazi, aliyekuwa ukingoni, na sauti hupita vizuri juu ya maji. Mwalimu alitoa kalamu, akafuta herufi moja, akaandika nyingine juu yake na kuweka sahihi pembeni kama mtu wa haki anavyofanya. Sahihisho lake lilichukua sekunde tano. Siku hiyo hiyo fundi alifunga propela aliyokuwa nayo karakanani. Boti ilivuka na sisi wote nane na fundi ndani, pua ikiwa juu, na mpaka leo inavusha majani ya ng'ambo kila siku ya kuchuma.

Sahihisho langu limechukua miaka mitatu. Nilimwahidi fundi pale pale ukingoni. Alisema tu nisiandike kwa haraka, na mimi nikautii ushauri huo kwa ukamilifu ambao sijawahi kuutii ushauri mwingine. Kwanza nilitaka makala iwe ndefu na nzuri, yenye kugusa elimu yetu na jinsi shule ilivyotufundisha kuzionea haya ndimi zetu. Kisha kukawa na uchaguzi. Kisha kukawa na bei ya majani. Isitoshe, hapa Boito mambo yalikuwa yamejirekebisha yenyewe. Watu waliendelea kumwita Bima, lakini sasa kwa mapenzi, na yeye aliitika. Nilijiambia kwamba jina limeshasafishwa. Sisi tunaoshuku kila kitu huwa hatuna shida yoyote kuamini jambo linalotupunguzia kazi.

Baada ya mazishi binti yake aliniita kando. Anayaendesha yeye mambo ya karakana tangu baba yake alipoanza kuugua. Vidole vyake vina masizi ambayo maji ya msibani hayakuyatoa. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ni mimi. Pole sana, dada. Baba yako alikuwa..."

"Alikuwa nini najua. Mimi niko na swali ingine. Hapa Boito watu waliona ile boti. Kule ziwani nani aliona? Wao waliona picha ya kibao yetu. Napigiwa simu, mtu yuko na injini, tunaongea vizuri, halafu ananiuliza, 'Kwani wewe ni wa yule mzee wa bima, yule anakula na shemeji?' Nikisema ndiyo, anasema atapiga baadaye. Hapigi. Mwaka huu nimefanya injini mbili ya boti. Zingine zote ni mashine ya majani. Baba alikuwa anasema wewe utaandika. Kila Jumamosi alikuwa ananunua gazeti."

 Nilikuwa nimedhani ninaomboleza mtu aliyekwisha kunisamehe. Kumbe alikuwa ananingoja, na sasa kazi ya binti yake inaningoja. Tuhuma niliyoiandika kwa mzaha ilikuwa imeshuka mlima kwa nguvu zake yenyewe, na haikuhitaji mtu wa kuibeba. Ukweli ulikaa Boito kwa sababu hakuna aliyeulipia nauli.

Nimejifunza jambo moja na nitalisema bila urembo, hasa kwa vijana wenzangu tuliosoma na tunaojivunia kutodanganywa. Nilimshuku fundi, nikamshuku shemeji, nikaishuku bisibisi. Kitu pekee ambacho sikukishuku ni karatasi, kwa sababu ilikuwa na mwandiko mzuri na ilisema nilichokuwa nimeshakiamini. Shaka ya namna hiyo haina tofauti na uvivu. Mtu akitaka kuhoji, aanze na kile kinachomfurahisha kukisoma, halafu avuke barabara.

Mhariri wangu, ambaye ni mtu mwema, amenieleza kwamba masahihisho ya gazeti hili huchapishwa ukurasa wa ndani, ndani ya kisanduku, chini ya matokeo ya mpira. Nimemwambia kosa lilichapishwa hapa, juu, likiwa na picha ya kibao, na litasahihishwa hapa, na picha ya kibao hicho hicho. Tumebishana siku mbili. Basi lisomwe, na mwenye jamaa ziwani amsomee: Fundi wa boti wa Boito hakumtaka mtu yeyote anunue bima. Aliwaambia wakulima wapime injini kabla ya kupakia mali ya watu, na alikuwa sahihi. Aliyewadanganya wasomaji ni mwandishi wa safu hii. Karakana iko wazi, na fundi aliyepo sasa ni binti yake.